Mwili wa mama baada ya ukomo wa hedhi: amana isiyofaa kudharauliwa

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanaadamu hatua baada ya hatua na akaijaalia kila hatua kuwa na hekima yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahali zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, leo tumeona tuizungumze mada ambayo husemwa kwa kunong'ona, ikasemwa vyumbani na isisemwe misikitini, ilhali inamgusa kila mama aliyejaaliwa umri, na kwa hiyo inaigusa kila nyumba. Nayo ni hali ya mwili wa mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi: uzito unaoongezeka bila ya yeye kuutaka, pumzi zinazokatika anapopanda ngazi, na magoti yanayolalamika anapoinuka kutoka kwenye sijda. Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya aibu yasiyofaa kuandikwa katika ukurasa wa dini. Bi Aisha (R.A) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na wao walimuuliza Mtume (S.A.W) mambo mazito zaidi kuliko haya.

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa mama zetu baada ya darsa, liko moja linalorudi mara kwa mara. Mama huuliza: "Sheikh, daktari ameniamrisha nitembee kwa haraka kila siku kwa sababu ya uzito na shinikizo la damu. Mume wangu anasema mwanamke wa umri wangu kuvaa raba na kutoka barabarani ni fedheha. Nimtii nani?" Swali hili si dogo. Ndani yake mna afya ya mtu, mna heshima ya ndoa na mna hukumu ya sheria. Tutalijibu, lakini kwanza tuijue hali yenyewe.

Ukomo wa hedhi ni nini?

Mafakihi huuita umri huu umri wa yaas, yaani umri wa kukata tamaa ya kupata hedhi, na Qur'ani Tukufu imewataja wanawake wa hali hii katika Surat At-Talaq, aya ya 4, pale ilipobainisha kwamba eda yao ya talaka ni miezi mitatu. Kwa hiyo si hali ngeni katika sheria, wala si maradhi. Ni hatua ya umri kama vile kubaleghe kulivyo hatua. Allah ametufahamisha katika Surat Ar-Rum, aya ya 54, kwamba alituumba katika udhaifu, kisha akatupa nguvu baada ya udhaifu, kisha akajaalia baada ya nguvu udhaifu na mvi.

Madaktari nao husema kwamba mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi pindi inapopita miezi 12 mfululizo bila ya kuona damu, pasipo sababu nyingine kama ujauzito au dawa. Kwa wengi jambo hili hutokea baina ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo hupita miaka kadhaa ya mpito, ambapo damu hukatika na kurudi bila ya mpango. Katika kipindi hicho mama na ashike kanuni za fiqhi kama alivyozoea. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, hedhi haipungui mchana na usiku mmoja wala haizidi siku 15, na inayozidi hapo huwa imeingia katika hukumu za istihadha.

Hapa pana tahadhari ambayo tunaomba kila msomaji aifikishe nyumbani. Mama ambaye miezi 12 imempita bila ya damu, kisha akaona damu, japo tone, asikae akisema "ujana umenirudia". Na aende hospitali haraka. Huenda likawa jambo jepesi, na huenda ikawa ni dalili ya saratani ya mji wa mimba, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Hukumu ya sala yake ataiuliza kwa wanazuoni, lakini kuuliza kwetu sisi kusimzuie kwenda kwa daktari.

Kwa nini uzito huongezeka?

Wako wanaodhani kwamba mama akinenepa katika umri huu basi ameridhika na kubweteka. Dhana hii ina dhulma ndani yake. Mwili wa mwanamke una homoni iitwayo estrojeni, na homoni hiyo hupungua sana katika kipindi hiki. Ikipungua, mafuta ambayo zamani yalikaa mapajani na nyongani huhamia tumboni. Wakati huohuo, kwa sababu ya umri, misuli hupungua, na misuli ndiyo itumiayo sehemu kubwa ya chakula tunachokula. Kwa hiyo mama anayekula sahani ileile aliyoila akiwa na miaka 30 sasa hubakiwa na ziada, na ziada hiyo hugeuka mafuta.

Ongeza juu ya hayo joto la ghafla linalompanda kifuani na usoni, na jasho la usiku linalomwamsha mara kwa mara. Asiyelala vizuri huamka amechoka, na aliyechoka hutamani vitu vitamu na huacha kujishughulisha. Tena ni umri ambao watoto wamekua, maji yako bombani, na kazi za sulubu za nyumbani anafanya msichana wa kazi. Mwili uliozoea kutwanga, kuteka na kubeba umepewa mapumziko ya ghafla.

Tatizo si umbo pekee. Mafuta ya tumboni hufungamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Wataalamu hutumia kipimo chepesi cha kiuno: kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari huanza kuongezeka, na kikizidi sentimita 88 hatari huwa kubwa. Futi ya fundi cherehani inatosha kwa kazi hiyo. Pamoja na hayo, mifupa nayo hupungua uimara kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, ndiyo maana utawasikia wazee wetu wamevunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni.

Mwili ulibadilika hata katika nyumba ya Mtume (S.A.W)

Yamepokewa na Abu Daud na Imamu Ahmad maelezo ya Bi Aisha (R.A) kwamba alikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W) angali msichana mwembamba. Mtume akawaambia watu watangulie mbele, kisha wakashindana mbio wao wawili, na Bi Aisha akamshinda. Ukapita muda, Bi Aisha akaongezeka mwili na akawa ameyasahau yale. Wakasafiri tena, Mtume akawaamuru watu watangulie, wakashindana, na safari hii Mtume akashinda. Akacheka na kumwambia kwamba ushindi huu ni malipo ya ule.

Tuizingatie hadithi hii vizuri. Bi Aisha hakuwa katika umri wa yaas, lakini mwili wake ulikuwa umebadilika, na yeye mwenyewe alilisimulia jambo hilo bila ya kuona haya. Mtume (S.A.W) hakumsema mwili wake. Hakumwambia "umekuwa mzito" wala hakumlinganisha na mwengine. Alimwalika kwenye mbio! Na alihifadhi stara yake kwa kuwatanguliza watu mbele. Ndani ya kisa kimoja tunapata mambo matatu: mazoezi, stara na maneno mazuri. Mume anayetaka kufuata sunna katika jambo hili basi ameshaonyeshwa njia.

Jibu la swali: je, mama atoke kutembea?

Bi Sauda bint Zam'a (R.A), mmoja wa Mama wa Waumini, alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba alitoka kwa haja yake baada ya kuteremshwa amri ya hijabu, na Sayyidna Umar (R.A) akamtambua kwa umbo lake na akamwambia kwamba hajifichi kwao. Bi Sauda akarudi kumweleza Mtume (S.A.W), na hapo ndipo ukateremka wahyi, naye Mtume akawafahamisha kwamba wanawake wameruhusiwa kutoka kwa ajili ya haja zao. Bi Sauda huyohuyo, katika Hija, aliomba ruhusa ya kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano wa watu kwa kuwa alikuwa mzito wa mwendo, na Mtume (S.A.W) akamruhusu. Hakuchekwa wala hakuambiwa alijitakia.

Basi ikiwa kutoka kwa haja kumeruhusiwa, ni haja gani kubwa kuliko kuilinda afya ambayo daktari ameshaitolea onyo? Allah ametukataza katika Surat Al-Baqara, aya ya 195, kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu. Mtume (S.A.W) alimkumbusha Abdullah bin Amr (R.A) kwamba mwili wake una haki juu yake. Kwa hiyo tunasema: mama na atembee, kwa nguo pana ya stara isiyobana na isiyomkwaza miguuni, mahali penye usalama, na bora awe na wenzake au mtoto wake. Raba si fedheha. Ni viatu vinavyohifadhi magoti. Na mume anayeogopa maneno ya watu, dawa yake ni nyepesi: avae na yeye raba, watoke pamoja baada ya sala ya Alfajiri. Hapo atakuwa amehifadhi stara, amepata afya na amehuisha mwendo wa Mtume (S.A.W) na mkewe.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Wastani maana yake ni mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kaswida. Anayeanza na aanze na dakika 10, kisha aongeze kidogokidogo, kwani Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Allah ni zile zinazodumu hata zikiwa chache.

Ama misuli, haihitaji ukumbi wa mazoezi wala mashine. Mama na akae kitini, ainuke na kukaa mara 10 bila ya kushika kitu, apumzike, kisha arudie. Achukue chupa mbili zilizojaa maji, azinyanyue juu na kuzishusha. Asimame akiusukuma ukuta kwa viganja. Haya yote hufanyika chumbani, mlango umefungwa. Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au maumivu makali ya magoti amuulize daktari kabla ya kuanza.

Wako watakaosema kwamba sala tano zinatosha kuwa mazoezi. Ni kweli kwamba sala za faradhi zina rakaa 17 na sijda 34 kwa siku, na viungo hunufaika. Lakini sala ni ibada, haikufaradhishwa iwe badala ya kutembea. Sisi tunaligeuza neno hilo: mazoezi ndiyo yatakayokuwezesha kusali kwa kusimama. Asiyeweza kusimama ameruhusiwa kusali akiwa ameketi, na asiyeweza kuketi husali kwa ubavu, kama Mtume (S.A.W) alivyomwelekeza Imran bin Huswain (R.A). Ruhusa hiyo ni rehema kwa asiyeweza. Lakini anayeweza kuilinda nguvu yake leo, asiipoteze kwa uzembe akaja kuihitaji ruhusa kesho.

Na tuikumbuke Hija. Mama zetu wengi hujaaliwa kwenda Makka katika umri huuhuu, baada ya kulea na kudunduliza. Sa'yi pekee, mizunguko saba baina ya Safa na Marwa, ni mwendo wa kilomita tatu na zaidi, mbali na tawafu. Mwenye nia ya Hija asianze kutembea siku anayoshuka Jidda.

Sahani na sinia zetu

Allah (S.W.T) ameturuhusu kula na kunywa na akatukataza israfu katika Surat Al-A'raf, aya ya 31. Naye Mtume (S.A.W), katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (R.A) aliyoipokea Tirmidhi, ametufahamisha kwamba mwanaadamu hajapata kujaza chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kwamba ikiwa hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Asubuhi maandazi na chai, mchana wali wa nazi mlima mzima, jioni chapati, na kila kikombe cha chai kina vijiko vitatu vya sukari. Anayekunywa vikombe vitatu ameshafikia vijiko tisa kabla ya kuonja soda wala kaimati. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu itokanayo na chakula, na bora zaidi iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban vijiko sita vidogo kwa siku nzima. Hatusemi mama aache chakula cha kwao. Apunguze wali, aongeze mchicha, kisamvu na matembele; ale samaki, kunde, maharage na choroko, kwani misuli hujengwa kwa vyakula hivyo; dagaa na maziwa viimarishe mifupa; na tunda lishike nafasi ya kaimati.

Ramadhani ndiyo mtihani mkubwa. Mtume (S.A.W) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi, asipozipata kwa tende kavu, asipozipata kwa maji. Sisi hufuturu kwa sambusa, tambi, mihogo ya nazi na vitumbua, kisha tukashangaa kufunga mwezi mzima na kutoka tumeongezeka uzito. Mama aliyefikia ukomo wa hedhi amepewa neema ya kufunga mwezi mzima bila ya kukatizwa, na ana fursa ya kulipa kadha za miaka ya uzazi. Na aitumie neema hiyo. Ila anayetumia dawa za kisukari asifunge kabla ya kushauriana na daktari wake.

Vilevile, tujihadhari na vidonge na majani ya chai yanayouzwa kwa ahadi ya kupunguza tumbo kwa wiki moja. Mengi ya hayo huharisha tu, yakamwondolea mtu maji badala ya mafuta, na mengine huchanganywa na dawa zisizotajwa. Kujitibu kumeamrishwa, lakini kwa mjuzi. Kadhalika tiba ya homoni ipo, na huwafaa baadhi ya wanawake na kuwadhuru wengine kwa mujibu wa umri na maradhi yao. Kuitumia kwa ushauri wa daktari hakuna kizuizi cha kisheria.

Ulimi wa mume na macho ya jirani

Jamii yetu ina mtihani wa pande mbili. Mama akinenepa huchekwa na mumewe; akipungua huulizwa na majirani ana maradhi gani, maana tumezoea kudhani kwamba aliyekonda ni mgonjwa au hana raha kwake. Wako waliokatisha mazoezi yaliyokuwa yakiwafaa kwa sababu ya maneno hayo tu. Allah ametukataza dhihaka katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, na akawataja wanawake kwa wanawake makhsusi. Anayemwona mwenzake anajitahidi na amwombee dua.

Ama waume, na wakisikilize kisa cha Bibi Khaula bint Tha'laba (R.A). Ibn Majah amepokea kutoka kwa Bi Aisha (R.A) kwamba mama huyu alikuja kumshitakia mumewe kwa Mtume (S.A.W). Alisema kwamba mumewe aliutumia ujana wake, naye akamzalia watoto, mpaka umri ulipokwenda na uzazi ukakatika, ndipo mume akamfanyia dhihari, yaani akamharimisha kama mama yake. Bi Aisha alikuwa nyumbani humo na mengine hakuyasikia, lakini Allah aliyasikia kutoka juu ya mbingu saba, akateremsha mwanzo wa Surat Al-Mujadila, akakilaani kitendo kile kuwa ni neno ovu na la uongo, na akaweka kafara juu yake.

Ndugu zangu waume, malalamiko ya mwanamke ambaye uzazi wake umekatika yaliteremshiwa Qur'ani! Ni nani basi kati yetu anayethubutu kumwambia mkewe "umekwisha" au "tazama ulivyokuwa", ilhali mwili huo umebadilika baada ya kubeba watoto wake? Anayetaka mkewe awe na afya na apunguze sukari katika chai yake mwenyewe, asidai sinia la biriani kila Ijumaa kisha akamlaumu anayelipika. Amwachie nafasi ya kulala akiwa amekesha kwa joto, amsindikize kliniki, na amsaidie kazi, kwani Mtume (S.A.W) alikuwa akiwahudumia ahali zake nyumbani. Watoto nao wajue kwamba hasira za ghafla na machozi ya mama katika miaka hii aghalabu ni sehemu ya mabadiliko hayo, na subira yao kwake ni katika kuwafanyia wema wazazi wawili.

Na nyinyi mama zetu, msiichukie miili yenu. Lengo si kurudi kwenye umbo la bi harusi, bali ni kuwa na nguvu ya kumwabudu Allah na kuwalea wajukuu. Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa kwa wote wawili mna kheri, hivyo ndivyo alivyotufundisha Mtume (S.A.W) katika hadithi ya Abu Huraira (R.A) aliyoipokea Muslim. Anayetembea nusu saa kwa nia hiyo ana ujira, hata mizani isipoteremka upesi.

Tunamwomba Allah (S.W.T) awape mama zetu siha na umri wenye baraka, awajaalie waume zao kuwa wasaidizi na si waamuzi, awaponye wagonjwa miongoni mwao, na atujaalie sote tuikabidhi miili hii kwake siku ya siku tukiwa tumeitunza. Amin.

Wabillahi tawfiq.